Uzoefu wangu na PubMed: nilitafuta watoto waliodumaa nikaletewa mahindi

Naomba nianze kwa kukiri, wiki tatu za kwanza nilikua naitumia PubMed, ile kanzidata ya mtandaoni ya tafiti za afya, kama mtu anayetafuta bei ya simu. Naandika neno, nabofya, nasoma ukurasa wa kwanza, nafunga laptopu, nalala. Mi ni afisa lishe huku Mafinga, kazini asubuhi, masta jioni, na mada yangu ni udumavu wa watoto Nyanda za Juu Kusini. Hili jambo linaniuma kwa sababu takwimu za TDHS, ule utafiti wa kitaifa wa afya ya watu, za 2022 zilionyesha Iringa asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, Njombe 50.4, wakati kitaifa ni 30, na hii ndo mikoa inayolisha wenzake mahindi, viazi na maharage. Supavaiza akasema fanya mapitio ya kimfumo, yaani ukusanye tafiti zote za mada yako kwa njia ambayo mtu mwingine anaweza kuirudia. Nikajibu "sawa Dokta" kwa sauti ya mtu aliyeelewa.

Kabla sijafika popote nikapigwa. Kuna jamaa ana kiduka cha kuprinti karibu na chuo kimoja, anatangaza kukutafutia makala, elfu themanini, siku tatu. Nikatoa. Akaniletea flashi yenye makala 42, nyingine ni ileile imebadilishwa jina la faili, na Dokta alipouliza swali moja tu, "umezipataje hizi?", nikabaki naangalia viatu vyangu. Jamani hilo swali ndo kazi yenyewe. Mtu mwingine akichukua maneno yako, akaenda kwenye kanzidata ileile, anatakiwa apate ulichopata wewe, sasa mi ningemwambia aende kwenye kile kiduka?

Haya, turudi PubMed. Ni ya bure, inaendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, imekua wazi kwa watu wote tangu 1997 na ina rekodi zaidi ya milioni 35. Nasema rekodi, sio makala nzima, unapata kichwa, waandishi, muhtasari, na kama makala iko wazi mahali unawekewa kiungo cha kuifuata. Kwa bando ni nafuu maana kurasa zake ni maandishi tu, nimeitumia mpaka kwenye kosta ya Mafinga kwenda Iringa mjini, simu mkono mmoja, begi miguuni.

Siku ya kwanza niliandika stunting, yaani udumavu kwa Kiingereza, peke yake. Nikaletewa bahari, na humo baharini kuna mahindi. Sitanii, mahindi yaliyodumaa kwa magonjwa, na samaki, na panya wa maabara. Nikacheka peke yangu usiku. Nikajiona mjanja nikaweka kichujio cha binadamu tu, mahindi yakatoka, nikaendelea na maisha, kumbe kile kichujio kinategemea lebo ambazo rekodi nyingi zinawekewa baadae, kwaiyo makala mpya kabisa ambazo bado hazina lebo nilizitupa pamoja na mahindi.

Aliyenitoa tongotongo ni mkutubi, mama mtu mzima, tukasalimiana kamwene, kamwene, akavuta kiti. Hakuniuliza mada yangu, alisema "Mwanangu, hebu tuone yenyewe imeelewaje." Akaingia sehemu ya utafutaji wa kina, pale kwenye historia akabofya kamshale pembeni ya utafutaji wangu, nikaona kitu kirefu kama mkataba. PubMed ilikua imechukua neno langu moja ikalitafsiri kivyake, ikaongeza mengine, na mi sikuwahi hata kusoma.

Ndo nikajua MeSH, ile orodha ya lebo iliyoanza 1960, ambapo udumavu unaingia kwenye Growth Disorders. Uzuri wake ni kwamba mwandishi anaweza asitaje stunting popote, akaongelea urefu kwa umri tu, lebo ikamkamata. Ubaya nimeshausema, za juzi hazina lebo. Kwaiyo unatumia vyote, lebo na maneno ya kawaida kwenye kichwa na muhtasari, unayaunga kwa OR, yaani "au", na ukiandika stunt ukaweka kinyota mwishoni inakuletea stunted na stunting kwa mpigo. AND, OR na NOT ziwe herufi kubwa. Na mabano jamani, mabano! Niliandika Tanzania AND stunting OR stunted bila mabano, yenyewe inasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwaiyo ikachukua Tanzania na stunting kwanza, alafu ikaongeza kila chenye stunted duniani, na mahindi yakarudi.

Ila kilichonichukulia muda mwingi kuliko vyote ni majina ya mahali, na hapa hakuna mwongozo wa Ulaya utakaokusaidia. Ukiandika Njombe tu umeumia. Njombe imekua mkoa 2012, kabla ya hapo ilikua ndani ya Iringa, kwaiyo utafiti wa 2005 uliofanyika Makete unaweza ukawa umeandikwa Iringa. Songwe vilevile, imetoka Mbeya 2016, ukitafuta watoto wa Mbozi wa zamani watafute Mbeya. Na kuna wanaoandika "kusini magharibi mwa Tanzania" bila kutaja mkoa wala wilaya. Nikaandika orodha ya mikoa, wilaya za sasa na za zamani, ikajaa ukurasa mzima, zote kwa OR ndani ya mabano yake. Hapo ndo zikaanza kutokea makala ambazo yule wa flashi asingezipata hata kwa laki mbili.

Maumivu mengine ni ya kwangu mwenyewe. Jumapili moja nimetafuta kuanzia mchana, umeme ukakatika, nikasema ntaendelea kesho. Kesho historia hamna. Ukikaa masaa nane bila kuigusa inafutika, imeandikwa kwenye maelekezo yao, mi sikusoma. Sa hivi nina akaunti, na juu yake nina daftari la kaunta, naandika tarehe, mstari wote wa maneno kama ulivyo, na idadi iliyotoka. Zile namba utazitaka kwenye mchoro wa PRISMA, ule unaoonyesha makala ngapi ulizipata, ngapi ulizitoa na ngapi zilibaki, usisubiri mwisho.

Mwisho wa siku PubMed peke yake haitoshi kwa mapitio ya kimfumo. Nimeongeza Cochrane, maktaba ya mapitio na majaribio ya tiba, na AJOL, kanzidata ya majarida ya Afrika, maana mengi hayapo PubMed. Embase, kanzidata nyingine ya tiba, inalipiwa, niliiacha nikasema wazi kwamba nimeiacha. Google Scholar nimeitumia kama ziada, hairuhusu kuona zaidi ya matokeo 1000 hata ikikwambia yapo elfu hamsini. Makala za kulipia nimezipata kupitia Hinari, mpango wa kuzipa taasisi za nchi maskini majarida ya afya, kwa Tanzania ni bure ila anasajiliwa chuo au hospitali, sio wewe, kwaiyo muulize mkutubi nywila. Zinazojirudia nimeziondoa kwa Zotero, programu ya kupanga marejeo.

PubMed naipa nyota nne na nusu, ile nusu ni kwa usiku niliosoma kuhusu samaki.

Juzi nimerudi kwa Dokta. Akauliza tena, umezipataje, nikamfungulia daftari. Akasoma taratibu, akapindua ukurasa wa mikoa, akapitisha kalamu mstari kwa mstari, akasema "Vizuri. Na Ruvuma je?"

Nimefungua mabano tena.