Masaa matatu mezani: chakula cha Jumapili kwenye pabu za vijijini Uingereza

Habari zenu jamani, karibuni tena. Leo sichambui simu wala blenda kama nilivyozoea. Nachambua chakula cha mchana cha Jumapili kwenye pabu, yaani baa zinazouza na chakula, za vijijini hapa Uingereza, maana wengi mnaniuliza kama kweli kinastahili pauni 20 kwa sahani. Na wengine mna miaka kumi huku, hamjaingia pabu hata siku moja mkidhani ni vilabu vya walevi.

Jumapili mchana utakuta bibi na wajukuu zake, mbwa kalala chini ya meza, mabuti ya matope yamepangwa mlangoni. Ukiagiza juisi hakuna anayekushangaa. Kuna soda ya tangawizi pia. Nyie wapenzi wa Stoney mtafurahi.

Mimi niko Sheffield, kwa hiyo nawaelekeza Edale. Panda treni ya Manchester ile inayosimama vituo vidogo, nusu saa hivi umefika. Kijiji kimekaa chini ya mlima Kinder Scout, na pale kwenye pabu ya The Old Nags Head ndipo inapoanzia Pennine Way, njia ya miguu iliyofunguliwa 1965, kilomita 430 hivi mpaka Uskoti. Nyie tembeeni saa moja tu, mpande kidogo, mshuke na njaa. Chakula hiki kinataka njaa.

Haya, sahani yenyewe. Nyama ya ng'ombe ya kuoka, imekatwa vipande vyembamba, kawaida ina wekundu katikati. Kama hupendi, sema mapema unataka iliyoiva kabisa. Kuna karoti, kabichi, na mchuzi mzito wa kahawia. Pembeni kuna Yorkshire pudding, na hilo jina lisikudanganye, haina sukari. Ni unga wa ngano, mayai na maziwa, unamiminwa kwenye mafuta yaliyopata moto sana, unaingia oveni, unafura na kubaki na shimo katikati. Mchuzi unauweka humo.

Lakini mimi pabu naipima kwa viazi. Viazi vya kweli vinachemshwa kwanza, vinatikiswa sufuriani mpaka kingo zinachakaa, ndipo vinaingia kwenye mafuta ya moto. Mama alipokuja kututembelea kutoka Tanga, alikigonga kimoja kwa ubavu wa uma, kikalia. Akakipasua, ndani cheupe, laini, kinatoa moshi. Akasema, "Mwanangu, huu ni ukoko." Ndio huo. Ukikuta ganda limekuwa kama ngozi na ndani kumekauka, hivyo ni viporo, vimepashwa moto. Pabu hiyo sirudi.

Ndugu zangu Waislamu, nyama hapa msiihesabu kuwa halali mpaka wenyewe wakuthibitishie. Chukueni samaki au sahani ya mboga, na muulize mafuta ya kukaangia, kwa sababu huku kaskazini sehemu nyingi wanatumia mafuta ya ng'ombe, hata kwenye chipsi na hiyo Yorkshire pudding. Ulizeni bila aibu. Sheria inawataka wakuambie kama chakula kina chochote kati ya vizio 14, yaani vitu vinavyoleta aleji, kwa hiyo wamezoea maswali.

Kuagiza: sehemu nyingi hakuna mhudumu anayekufuata. Shika namba ya meza yako, nenda kaunta, agiza, lipa. Foleni huioni ila ipo. Anayehudumia anajua nani katangulia. Usipige mluzi, usipunge noti.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, meza. Ukishakaa, meza ni yako. Sisi na mama tulikaa masaa matatu, hakuna aliyetutazama saa. Zamani isingewezekana: mpaka 1995 sheria ilikuwa inazitaka pabu zisimamishe pombe Jumapili kuanzia saa 9 alasiri mpaka saa 1 usiku, watu wanainuliwa mazungumzo yakiwa yamekolea. Na bado kuna zinazokuharakisha. Kuna moja, sitaitaja, walituletea bili mdogo wangu akiwa na kijiko mdomoni, eti muda wetu wa saa moja na nusu umekwisha. Iliniuma sana, maana chakula chao kilikuwa kizuri. Tangu siku hiyo nikipiga simu kuweka nafasi swali langu la kwanza ni hili: meza tunakaa muda gani? Wakisema mpaka mtakapochoka, naweka.

Alama zangu: chakula nane kwa kumi, meza kumi kwa kumi.

Na msiondoke bila sticky toffee pudding. Keki laini, ya moto, imemwagiwa mchuzi wa siagi, krimu na sukari ya kahawia. Mama alionja, akanyamaza, akaonja tena. "Hii si tende hii?" Nikamwambia ndiyo, ndani kuna tende, zimelowekwa mpaka zikalainika. Akavuta bakuli la kwangu pia, akaniambia nimwitie yule mpishi amuulize wameziloweka kwa maji ya moto au chai. Mpishi akatoka jikoni na aproni yake, akavuta kiti, wakaanza kuelezana, mimi katikati natafsiri.