Tulipeleka watoto jela ya Kapenguria, huu ndio uzoefu wangu

Likizo ya Agosti tulienda Makumbusho ya Kapenguria, ile jela ya zamani Pokot Magharibi walikofungiwa Kenyatta na wenzake watano wakati wa kesi yao, mimi na bwanangu, watoto watatu na baba mkwe ambaye anakaribia miaka 80. Nasema mapema, chukueni mwelekezi, msizunguke wenyewe, juu ukiingia peke yako utaona vyumba na picha na baada ya dakika ishirini umetoka. Sisi tulikaa karibu masaa matatu na watoto ndio walikuwa hawataki kwenda.

Gari tuliyokodi ilichelewa saa nzima na dereva hakuwa anashika simu, kwa hivyo tulitoka Kitale kama tumeshakasirika kidogo, lakini barabara ni lami hadi Makutano na si mbali. Bebeni sweta, huko juu kuna baridi.

Dada aliyetuongoza hakuanza na seli, alitusimamisha nje akauliza watoto, kwa nini serikali ya mkoloni ilitoa watu Nairobi ikawaleta mpaka huku? Wakanyamaza. Akawaelezea kwamba mwaka wa 1952 huku kulikuwa kumefungwa, huingii bila kibali, hakuna reli, hakuna simu, hata hoteli ya mawakili kulala hakuna, kwa hivyo wakina Pritt, wakili wao aliyetoka Uingereza, walikuwa wanalala Kitale na kila siku wanakuja na kurudi. Na hakuwa peke yake, walikuja mawakili kutoka India, Nigeria na Jamaica kutetea watu wetu. Hiyo mimi mwenyewe sikuwa najua, na shule nimesoma.

Halafu seli. Msichana wangu mkubwa yuko gredi ya saba na majina ya wale sita waliofungwa hapo anayo kwa kichwa, Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Kung'u Karumba, Achieng' Oneko, anayasema mbio kama wimbo wa kukariri mtihani. Pale alienda mlango kwa mlango, polepole. Aliingia moja akanyoosha mikono akaniita, mami, mtu alikuwa analala hapa na anaamka hapa hapa? Nikamwambia ndio. Zile seli ni ndogo jamani, picha kwa kitabu haiwezi kukuonyesha.

Kijana wangu wa miaka mitano naye alikuwa anauliza kitu kimoja tu tangu tufike, waliiba nini? Kwake yeye jela ni ya wezi. Nilitaka kumnyamazisha lakini yule dada alichuchumaa mpaka wakaangaliana, akamuuliza, mtu akija achukue shamba la babu yako, babu akisema nirudishie, babu ameiba? Akasema hapana. Ndipo akamwambia hawa walishtakiwa eti ndio wanaongoza Mau Mau, wale waliopigana na mkoloni, na wakafungwa. Baba mkwe akasema, "Umemweleza vizuri, binti yangu," na ndio mara ya kwanza aliongea tangu tuingie.

Baadaye aliongea zaidi. Wa katikati alisikia "hali ya hatari", ile mkoloni alitangaza 1952, akauliza kama ni kama ile kafyu ya korona, mzee akaketi chini kwa benchi akamwambia mambo ya vipande, zile kadi Mwafrika alilazimishwa kubeba, na misako, na vile watu wazima walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini usiku. Mimi nimeolewa kwa hiyo familia miaka 14 na hizo hadithi sijawahi kuzisikia. Mwelekezi hakumkatiza hata kidogo, alisimama akasikiza na sisi, na kwa hilo nampa alama zote.

Sehemu ya kesi msiipite haraka. Ilianza Desemba 1952, ikaisha tarehe 8 Aprili 1953, wakapewa miaka 7 na kazi ngumu, wakapelekwa Lokitaung huko Turkana. Oneko alishinda rufaa na bado hawakumwachilia. Lakini kilichouma msichana wangu ni Rawson Macharia, yule shahidi aliyesema alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo cha Mau Mau, halafu 1958 akaapa kwamba alidanganya, na badala ya kesi kufunguliwa tena akafungwa yeye. Aliuliza swali hilo hilo mpaka kwa gari tukirudi, sasa kama alisema ukweli mbona wakamfunga, na babake akajaribu kumjibu mpaka tukafika Kitale.

Kuna pia boma la Kipokot hapo kwa kiwanja, watoto wadogo walipenda sana kuingia nyumbani mle, na kuna vitabu kwa anayetaka kusoma. Tulilipa kwa simu, bei angalieni kabla hamjatoka kwa sababu mtoto na mtu mzima si sawa. Nendeni asubuhi, kama mna mzee nyumbani anayekumbuka miaka ile nendeni naye, na mwambieni mwelekezi mapema mko na mzee ili asiende mbio. Desemba tunarudi, baba mkwe anataka kuleta dada yake.