Fundi wa Ukutani: Tathmini ya Mashine ya Kuundia Vifaa katika Subnautica

Katika michezo mingi ya kompyuta inayobuni maisha ya anga za mbali, kuunda kifaa ni suala la kufungua orodha na kubonyeza kitufe, na kifaa hicho hutokea mfukoni bila mtu kujua kimepitia wapi. Subnautica, mchezo wa kampuni ya Unknown Worlds Entertainment ya San Francisco uliotoka rasmi Januari 2018 baada ya kuuzwa kwa zaidi ya miaka 3 ukiwa bado unajengwa, umeipa kazi hiyo mwili na mahali pake. Meli ya anga iitwayo Aurora imeanguka katika sayari ya 4546B, ambayo karibu yote ni bahari, nawe umenusurika ndani ya chombo kidogo cha uokozi kinachoelea. Ukutani mwake imefungwa mashine moja ya kuundia vifaa, na kwa saa za mwanzo hiyo ndiyo karakana yako, jiko lako na kisima chako.

Ukiigusa, inafunguka, miali ya mwanga inamulika sehemu yake ya chini, na kitu ulichoagiza kinajichora polepole mpaka kinakamilika. Mchezaji aliyewahi kupeleka kazi kwa fundi wa mtaani ataizoea upesi, kwa kuwa tabia zao zinafanana: inakutajia vifaa vinavyohitajika, kisha inakuacha ukavitafute mwenyewe. Kipande kimoja cha chuma chakavu cha Aurora hutoa titaniamu 4. Vichwa viwili vya uyoga wenye asidi pamoja na shaba hutoa betri, na betri ikiunganishwa na titaniamu hutoa skana, ambayo nayo husoma mabaki ya mitambo iliyozama na kuiongezea mashine michoro mipya. Kuna samaki mdogo ambaye akiwekwa humo hugeuka chupa ya maji ya kunywa, jambo lililonichekesha mara ya kwanza, lakini kiu ilipozidi niliacha kucheka nikaanza kuwafukuza samaki hao kwa bidii.

Ubora wa mashine hii, kwa maoni yangu, ni kwamba kila inachokidai kinakulazimisha kuifahamu bahari. Mfano mzuri ni kioo kigumu kinachohitajika katika kuunda nyambizi kubwa. Kioo cha kawaida hakitoshi. Mashine inataka pia jino la stalka, mnyama mkali anayeishi katika msitu wa mwani mrefu. Huna haja ya kupigana naye. Stalka hupenda kubeba vyuma chakavu mdomoni, na mara nyingine anapouma chuma, jino hung'oka na kuanguka mchangani. Kwa hiyo nilitupa vyuma vyangu karibu na mwani, nikajificha nyuma ya jiwe huku nikihesabu pumzi iliyobaki, nikasubiri. Nilipotoka na meno mawili niligundua kwamba nilikuwa nimeijua njia ya mnyama yule, saa zake na michezo yake, na yote hayo kwa sababu ya sharti moja la fundi aliye ukutani.

Jambo jingine linalostahili kutajwa ni kile ambacho mashine hii haitoi. Haiundi bunduki. Ndani ya hadithi, sababu inayotolewa ni kwamba silaha ziliondolewa katika michoro ya dharura baada ya mauaji yaliyotokea mahali panapoitwa Obraxis Prime, kikabaki kisu peke yake. Nje ya hadithi, kiongozi wa ubunifu wa mchezo, Charlie Cleveland, amewahi kueleza kwamba uamuzi huo ulitokana na mauaji ya shule ya Sandy Hook nchini Marekani mwaka 2012. Uamuzi huo haukuupunguzia mchezo hofu hata kidogo, umeuongezea.

Kasoro zipo. Mashine hutazama tu vitu ulivyobeba mkobani, wala haijali kabati lililojaa madini ya fedha na ya risasi hatua mbili kutoka ilipo. Mkoba una nafasi 48, na kila kipande cha titaniamu hukalia nafasi yake, hivyo kabla ya kazi kubwa mchezaji hupoteza muda mwingi akifungua na kufunga makabati. Aidha, vitu huagizwa kimoja kimoja: anayetaka betri 4 husimama mbele ya mashine na kurudia agizo mara 4. Katika kituo kikubwa, kazi hiyo huchosha.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni ndoto. Hata hivyo, Desemba 2014, mwezi uleule ambao mchezo huu ulianza kuuzwa ukiwa haujakamilika, printa ya plastiki iliyotengenezwa na kampuni ya Made In Space ilichapa spana ya racheti ndani ya kituo cha anga cha kimataifa, kwa mchoro uliotumwa kutoka duniani. Kazi hiyo ilichukua takriban saa 4. Fundi wa Subnautica humaliza kwa sekunde chache, tena bila kuishiwa na plastiki.

Asiyetaka kujua mwisho wa mchezo aishie hapa. Kwa muda wote huo unadhani mashine inakufanyia kazi bure, maana hailipishi chochote isipokuwa umeme kidogo. Lakini mashine ni mali ya shirika la Alterra, na madini uliyoyachimba huko yalikuwa, kwa mujibu wa shirika hilo, mali yake pia. Unapoondoka hatimaye kwa roketi uliyoiunda kwa mikono yako, unaarifiwa kwamba hutaruhusiwa kutua mpaka ulipe deni lako, nalo ni krediti trilioni moja.