Marekani kuibana China: ushuru au kuzuia chipu, ipi bora?

Huu mjadala hauishi. Tuanze na gharama maana hapa ndo kwenye maumivu, ushuru wa 2018 kwa bidhaa za China ulilipwa zaidi na waagizaji wa Marekani wenyewe, China nayo ikajibu na 25% kwenye soya, wanunuzi wakahamia Brazil na wakulima wa Iowa wakabaki na mzigo ghalani, inauma kwa kweli. Vizuizi vya Oktoba 2022 vya kuiuzia China chipu za kisasa (vile vipande vidogo vinavyoendesha kompyuta) mwananchi havimgusi sana dukani, ila kampuni za chipu za Marekani kama Nvidia zinapoteza soko kubwa.

Uhakika je? Ushuru unayumba mno, Aprili 2025 ulifika 145%, Mei pande mbili zikakaa Geneva ukashuka hadi 30%, sasa mfanyabiashara apange vipi? Vizuizi vya chipu navyo vina upenyo, Huawei, kampuni ya simu ya China, 2023 walitoa simu yenye chipu iliyotengenezwa China.

Usimamizi, ushuru ni rahisi, forodha wanakusanya basi. Chipu unafuatilia mpaka nchi ya tatu, na lazima uibembeleze Uholanzi sababu ya ASML, kampuni yao inayounda mashine za kutengenezea chipu.

Kwa hiyo inategemea. Unataka mwenzio aje mezani? Ushuru, ndo ulioleta mkataba wa biashara wa Januari 2020. Ukihofia jeshi lao na akili bandia, shika chipu.