Kuingia ukumbini Goma: kantri au rumba?

Mmeamua Jumatatu, Jumamosi mnafunga ndoa. Mtaingia na wimbo gani? Kantri ya furaha, muziki wa Kimarekani wa gitaa na fidla, ni dakika tatu hivi: haidai mazoezi, mnatembea tu mkicheka, na spika ndogo ya betri inatosha hata umeme ukikatika. Rumba ya Kongo, iliyoingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2021, inataka muda. Inaanza polepole, halafu sebene, ile sehemu ya kasi ya magitaa, linawainua mashangazi, vitenge vinapepea, noti zinabandikwa kwenye paji la bwana harusi. Kwa kantri nimewaona wamekaa, wakipiga makofi ya adabu. Bendi ni ghali, DJ nafuu. Mkiwa na mashahidi tu pale komini, ofisi ya serikali mnapofungia ndoa, kantri. Ukoo wote ukija, rumba.