Siku tatu Wete: uzoefu wangu wa kulala na kula kwa wenyeji

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na nilipovuka mpaka kwenda Pemba nilidhani nakwenda kula kile kile ninachokula nyumbani, kwa kuwa lugha ni moja na nazi ni ile ile. Nilikosea. Nilikaa siku tatu mjini Wete, katika nyumba ya familia inayopokea wageni wa kulipia.

Nianze na kasoro. Aliyenitafutia nafasi kutoka Unguja alipokea malipo ya chumba na milo yote, kumbe mama mwenye nyumba aliambiwa chumba na chai ya asubuhi tu. Hayo niliyajua jioni, baada ya kushuka kwenye boti katika bandari ya Mkoani, kusini mwa Pemba, na kupanda gari hadi Wete, nikiwa na njaa isiyo na adabu. Yule mama hakutaka kusikia habari za bei. "Kula kwanza, mwanangu, hesabu haziozi," aliniambia, akaniandalia wali na mchuzi wa samaki. Kesho yake nilimlipa yeye mwenyewe fedha za chakula, ikawa nimelipa mara mbili. Kwa hiyo namshauri msafiri azungumze na mwenye nyumba kabla ya kutoa chochote.

Kasoro ya pili ilitokana na heshima iliyozidi. Usiku ule nilitengewa meza peke yangu, chakula kimefunikwa kawa, uma na kisu pembeni, ilhali wenyewe walikaa kwenye mkeka wakizunguka sinia. Siku ya pili niliomba kuhamia chini, walicheka, wakasogea. Tangu hapo kila mnofu mzuri wa samaki ulisukumwa kwa vidole hadi upande wangu wa sinia, nami nikikataa unarudi.

Kilichonishangaza zaidi ni mkate wa ufuta. Sisi tumezoea mahamri na mbaazi, nao ni mlo ambao sitausaliti, lakini asubuhi ile niliyumba. Unga wa ngano uliokorogwa kwa tui na hamira, laini kiasi cha kunata mkononi, ulitandazwa kwa kiganja kilicholoweshwa maji ndani ya kikaango cha moto, ukanyunyiziwa ufuta. Ulipokwisha kushika, kikaango kiligeuzwa kifudifudi juu ya makaa ili uso wa mkate uive. Nilisubiri udondoke motoni, haukudondoka. Tuliula kwa mchuzi wa pweza, ambaye alipondwa kwanza, akachemka kwa maji yake mwenyewe mpaka akalainika, ndipo tui zito likaingia mwishoni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu nilipewa mbuzi ya kukunia nazi, na nusu ya nazi yangu iliishia na vipande vya kifuu, ambavyo mama alivichambua bila kusema neno.

Maji ya kuoga ni ya ndoo, na chumba ni kidogo ila safi. Ulikuwa msimu wa karafuu, na harufu ya zile zilizoanikwa kwenye majamvi nje iliingia hadi kitandani. Nawapa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano haikupotezwa na wao. Anayetaka mkate wa ufuta aagize tangu usiku, kwa sababu unga huhitaji muda wa kuumuka.