Karakana ya henzerani Mji Mkongwe: wapelekee fremu, chuma kibaki nyumbani

Anayekusanya samani za Ulaya za karne ya 20 huku akiishi Unguja ana mashaka mawili: hewa ya bahari inayokula chuma, na uchache wa mafundi wanaokitambua kitu wanachoshikishwa. Karakana hii ndogo ya Mji Mkongwe imeniondolea shaka la pili kwa upande wa henzerani, na la kwanza imeliongeza.

Niliwapelekea viti vya Cesca, ambavyo mbunifu Marcel Breuer alivibuni Ujerumani mwaka 1928: bomba la chuma lililopindwa, lisilo na miguu ya nyuma, limebeba fremu mbili za mbao, ya kukalia na ya kuegemea. (Thonet, kampuni iliyokitengeneza, walikiita B32; jina la sasa, Cesca, linalotokana na Francesca, binti yake Breuer, kilipewa miaka ya 1960.) Kwa mkusanyaji, fremu ndiyo shahidi. Ile ya kusukwa kwa mkono ina matundu madogo yaliyotobolewa pembezoni, na kila uzi hupita humo. Ile ya kutiwa mkeka wa henzerani uliofumwa kwa mashine ina mfereji uliozibwa kwa ufito. Fundi mwenye haraka huyaziba matundu akachimba mfereji, na hapo kiti, hata kikipendeza vipi, thamani yake imekwenda.

Fundi mkuu, mzee aliyezoea viti vya henzerani vya majumbani, jina la Breuer halikumshughulisha hata kidogo. Alikipindua kiti, akapitisha kidole kwenye matundu, akasema, "Hichi cha kusuka, si cha kubandika." Huloweka henzerani majini mpaka ilainike, kisha hupitisha nyuzi mbili za urefu, mbili za upana na mbili za mshazari, hata yakatokea matundu ya pembe nane. Kwenye mshazari ndipo kazi inapojulikana, kwa sababu uzi ukipitishwa upande usio wake husuguana na wenzake kila wanapokutana, ukakatika mapema. Kwenye viti vyangu vyote mshazari unateleza bila kukwama, na chini ya fremu mafundo yamefichwa vizuri.

Kwa upande wa bomba sikuridhika. Palipokuwa na vidoa vya kutu, vijana wa karakana walianza kupiga msasa bila ya kuniuliza, na tayari walikuwa wameshakoroga rangi ya fedha. Kromu ya asili, yaani ule utando wa madini unaong'aa juu ya bomba, hata ikiwa na vidoa huthaminiwa zaidi kuliko rangi mpya inayong'ara. Kitambaa na mafuta mepesi vingetosha.

Bei ni ya haki. Siku walizoahidi zilipita, lakini ilikuwa masika na henzerani haikauki upesi, kwa hiyo sikuwalaumu.

Atakayekwenda afungue skrubu mwenyewe nyumbani, apeleke mbao peke yake, na atie alama kila fremu na bomba lake kabla ya kuzitenganisha, kwani matundu ya skrubu ya viti vya zamani hayalingani sawasawa kati ya kiti na kiti.